Ndevu za Tisa

Niseme mapema kwamba kosa lilikuwa langu, maana nikiliacha mpaka mwisho nitaokota visingizio njiani. Mimi ni mwepesi wa hasira na mzito wa kuomba radhi. Mke wangu Arafa aliniambia hivyo kabla sijaondoka Pangani, na hilo nalo lilinikasirisha.

Nalinda geti la nyumba kumi na nane za kupangisha huko Al Wukair, nje ya Doha, Qatar, upande ambao jangwa bado halijamaliza kugeuzwa mitaa. Zamu ni mbili. Mimi nashika saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, mwenzangu anashika usiku. Asubuhi basi la kampuni linanileta mimi na kumchukua yeye, jioni linamleta yeye na kunichukua mimi. Dereva hangoji zaidi ya dakika tano. Katika dakika hizo tunahesabiana funguo, tunakabidhiana redio ya mawasiliano na tochi, tunatia sahihi, basi. Mapumziko yangu ni Jumanne, yake yalikuwa Ijumaa. Kwenye makazi ya kampuni tulilala jengo moja, ila mimi nikirudi yeye yuko kazini, na akirudi yeye, kazini niko mimi.

Ndivyo nilivyomjua Kiprono kwa mwaka mmoja na miezi minne: dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, kofia ya kazi imeshuka hadi kwenye nyusi, kitambaa cha kuzuia vumbi kimepanda hadi puani. Mkenya wa Kericho, aliyeacha chuo cha ualimu mwaka wa pili ada ilipowashinda kwao. Namba yake ya simu sikuwahi kumwomba. Ya nini, mtu ninayemwona mara mbili kwa siku?

Kitabu kilianza kwa sababu ya uchovu wa kukaa bure. Kibandani kulikuwa na daftari la zamani la wageni, nene, lililoandikwa kurasa kumi za mwanzo tu kabla uongozi haujaleta mashine. Siku moja ya joto, geti limelala, nikaandika ukurasa mmoja wa hadithi nikaurudisha mtotoni mwa meza. Kesho yake asubuhi nilikuta ukurasa wa pili, kwa mwandiko wa kusimama wima kama wa mwalimu. Nikaandika wa tatu. Hatukuulizana kitu kwa wiki nzima, halafu jioni moja Kiprono akaniambia, "Zuberi, hiyo kitabu yetu iko sawa sana," nikajua tuna kitabu.

Hadithi yenyewe ilihusu mji wa baadaye ambao nusu ya watu wake wanaishi mchana na nusu usiku, wasikutane. Watu hawana majina, wana namba. Kuna Idara ya Utulivu inayosimamia mioyo ya watu. Mtu akizoeana na mwenzake kupita dakika tano kwa siku, Idara inamchukua, inamfuta kumbukumbu, inamrudisha kazini akiwa mzima wa afya na hamjui mtu. Nane anaishi usiku, Tisa anaishi mchana. Wanakutana langoni jua linapozama na linapochomoza, na katika ukurasa ule wa kwanza niliandika kwamba Nane alimwona Tisa, moyo ukamwenda mbio.

Na hapa nijisifu kidogo kabla sijajilaani. Ni mimi niliyebuni kwamba Idara imepiga marufuku maneno mke, mume, mwanamke na mwanamume. Katika mji ule kila mtu anaitwa raia. Niliona nimefanya jambo la akili sana.

Tisa nilimpa shingo ya Arafa, na macho yake, na ile tabia yake ya kujiziba mdomo akicheka. Nilimpa mikono laini inayonukia karafuu. Sababu ya kumweka Arafa kitabuni ni kwamba kwenye simu alikuwa ananiishia. Mwaka wa kwanza alinijibu kwa sauti ndefu, nasikia hata kuku wa jirani nyuma yake. Mwaka wa pili akajibu kwa maneno mawili matatu. Ulipoingia wa tatu, nikimtumia ujumbe wa dakika nne ananirudishia kidole gumba. Kwa hiyo mchana nilikaa kibandani na kumwandika, na kwa saa chache nilikuwa na mke.

Kiprono naye aliandika sehemu zake. Nane alimwachia Tisa nusu ya mkate juu ya dirisha la lango. Nane alijifunza kumtambua Tisa kwa mlio wa hatua. Nilizipenda sehemu hizo, niliziona za mahaba ya taratibu. Mara nyingine aliongeza mambo yasiyomhusu Arafa, kama kovu dogo chini ya sikio la kushoto, nami nikayapitisha kwa sababu kitabu ni cha wawili.

Tuligongana mara ya kwanza pale Idara ilipotangaza kwamba kila raia ataruhusiwa kubaki na mtu mmoja tu. Nilitaka Nane na Tisa watoroke, wavuke ukuta, wafe pamoja ikibidi. Kiprono hakutaka watoroke. Alitaka wabaki pale pale langoni, kila siku wakirudi, miaka mpaka miaka.

"Sasa hayo ni mapenzi gani?" nilimuuliza huku nikihesabu funguo.

"Mimi siandikangi mapenzi. Naandika marafiki."

"Rafiki ni wa kupitishia muda, Kiprono. Mpenzi ndiye mtu anayemfia."

"Kufa ni mara moja," akasema. "Kurudi kesho asubuhi ndio kazi."

Dereva akapiga honi. Nilipanda basi nikicheka, nikaona huyu ndugu yangu hajawahi kupenda. Isitoshe, Doha imenichosha na neno rafiki. Hapa kila mtu ni sadiki. "Sadiki, fungua geti." "Sadiki, beba hili boksi." "Sadiki, kaa pembeni." Anayekuita hivyo hajui jina lako wala hana haja nalo. Neno likishatumika hivyo miaka mitatu masikioni mwako, ukilisikia hushtuki tena.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili nilifungua daftari nikakuta hivi: "Siku hiyo Tisa alinyoa ndevu kwa wembe wa kuazima, akajikata kidevuni, akacheka peke yake."

Nilisoma mara tatu. Nikatoka nje, nikamfungulia mtu wa maji, nikarudi, nikasoma tena. Ndevu zilikuwa pale pale.

Jioni Kiprono aliposhuka kwenye basi nilikuwa namngoja mlangoni na daftari mkononi.

"Tisa ana ndevu?"

"Ee. Kwani wewe unajua jamaa hana ndevu?"

"Tisa ni jamaa?"

Akanitazama juu ya kitambaa chake. "Kwani ni nani?"

"Ni mwanamke! Tangu ukurasa wa kwanza ni mwanamke! Nimemsifia shingo miezi minane!"

"Wapi umeandika ni mwanamke?"

Nikafungua kurasa. Yeye, yeye, alimwona, akampenda, mwenzake, raia. Lugha yetu ilikuwa imenificha na kuniumbua kwa pamoja. Maneno ambayo yangenisaidia niliyapiga marufuku mimi mwenyewe.

"Sasa hiyo shingo, hiyo mikono ya karafuu, ulidhani nini?" nikamuuliza.

"Nilidhani ni Kiswahili ya pwani tu. Nyinyi watu wa Tanga mnasifu mpaka maji ya kunywa." Akaanza kucheka, akaegemea dirisha, akacheka mpaka machozi. "Woi, Zuberi! Tumeandika vitabu mbili!"

Leo nikikumbuka nacheka. Siku hiyo sikucheka hata kidogo. Nilihisi nimeingiliwa nyumbani. Yule niliyekuwa nikimrudia kila mchana, kumbe kila usiku alikuwa mwanamume mwingine asiye na habari na mimi. Honi ikapigwa. Kiprono akanishika bega, mara ya kwanza na ya mwisho, akasema, "Tusikosane. Tisa akuwe vile kila mtu anamuona. Si inawezekana?" Niliutoa mkono wake nikapanda basi.

Jioni hiyo nilimtumia Arafa ujumbe wa sauti wa dakika sita. Nilimwambia mambo ambayo kwa kawaida niliyaandika kitabuni. Nilipoamka kwa zamu nilikuta kidole gumba.

Basi hasira yote nikaipeleka kwa mtu aliyekuwa karibu. Nilikaa kibandani nikaandika: "Idara ilimchukua Tisa. Nane hakumkumbuka tena. Hawakuwa wapenzi, kwa hiyo hapakuwa na cha kukumbuka. Mwisho." Chini yake nikaweka ujumbe nje ya hadithi, kwa jina langu: "Kiprono, urafiki hautungiwi kitabu. Wewe na mimi ni watu wa zamu tu, tunapokezana funguo. Usinichezee mke wangu."

Kesho yake alinisubiri amesimama nje ya kibanda.

"Nimesoma," akasema.

"Haya."

"Ungeniambia tu kwa mdomo."

"Si nimeandika? Wewe si unapenda kuandika?"

Kiprono akanyoosha mkono wenye funguo. "Ni kumi na moja," akasema. Nikazihesabu, zilikuwa kumi na moja. Siku tatu zilizofuata tulisemeshana kwa idadi peke yake. Funguo kumi na moja, redio moja, tochi moja. Nilijua ninachotakiwa kusema. Kila nikiwa ndani ya basi nilikuwa nacho mdomoni, nikishuka kinapotea. Nikajiambia nitakisema kesho, yeye si yupo?

Siku ya nne jioni akashuka mtu mwingine, kijana mpana wa mabega aitwaye Eugene, Mganda, Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Kiprono yuko wapi?"

"Mimi sijui, ssebo. Mimi wameniambia kuja hapa."

Nilikaa na kiburi changu siku mbili zaidi, nikijidai ni afadhali. Jumatano mchana akaja msimamizi wetu Wayne, Mkenya wa Kisumu, kukagua malindo. Nilimtilia maji, nikauliza kana kwamba ni jambo la kupita.

"Kiprono? Amemaliza kandarasi, amekataa kuongeza," Wayne akasema. "Aliomba nimtoe hii site mapema. Anaruka Ijumaa jioni."

"Mbona hakuniaga?"

"Kwani alikuwa rafiki yako?" Wayne hakuwa na ubaya, alikuwa anaangalia saa yake. "Nilimuuliza kama kuna mtu huku angetaka kuaga. Akasema hakuna, kulikuwa tu na mtu wa zamu."

Wayne alipoondoka nilikaa chini. Maneno niliyoyaandika yalikuwa yamenirudia kwa mdomo wa mtu asiyejua maana yake, na yaliuma vile yalivyokusudiwa kuuma. Nikatoa daftari. Kwa mara ya kwanza nikasoma sehemu za Kiprono kama alivyoziandika yeye, Tisa akiwa mwanamume.

"Tisa huzitikisa funguo mara mbili kabla ya kuzihesabu, hata akiwa na haraka." Nilikuwa na funguo mezani. Nikazitazama.

"Tisa akiwa na huzuni huongea sana juu ya samaki." Nilikumbuka asubuhi nyingi nikimweleza Kiprono habari za changu wa kupaka, dakika tano zote nikazimalizia kwenye nazi. Hakuwahi kuniuliza kwa nini.

"Tisa akisema haya, ujue ameumia."

"Tisa ana kovu dogo chini ya sikio la kushoto. Huligusa anaposema nyumbani ni kuzuri." Mkono wangu ulikuwa tayari uko kwenye lile kovu. Nililipata nikiwa na miaka saba, na hakuna mtu Doha niliyewahi kumsimulia.

Nilisoma mpaka jua likaingia kibandani. Kurasa sitini za mwandiko ule uliosimama wima, na katika kila ukurasa nilikuwamo. Alikuwa amenitazama kwa dakika tano tano hizo zaidi kuliko mtu yeyote alivyonitazama tangu niondoke kwetu. Sijui niseme vipi nilivyojisikia. Nililia, na gari la mpangaji wa nyumba namba sita likapiga honi getini, nikalifungulia nikiwa nalia.

Nilimpigia Wayne kwa simu ya lindo, nikamwomba anibadilishie mapumziko yawe Ijumaa. Alinung'unika, akakubali. Nikamwomba namba ya Kiprono.

"Ameshafunga laini. Hata mimi namtafuta asaini karatasi. Na amehamishwa kule wanalala wale wanaorudi kwao, huwezi ingia bila kibali ya ofisi. Lakini Ijumaa asubuhi hawezi kosa kanisa. Jaribu Abu Hamour."

Ijumaa, ambayo huku ndiyo mapumziko ya wiki hata kwa makanisa, saa mbili asubuhi nilikuwa Abu Hamour, nje ya ule ukuta ambao ndani yake kuna makanisa ya kila aina. Kanzu sikuvaa, nilivaa suruali na shati la kijani nililonunua kwa ajili ya kurudi nyumbani. Watu walikuwa wanaingia na kutoka kwa mamia, Wafilipino, Wahindi, Wahabeshi wenye shuka nyeupe, na kati yao Wakenya wakiwa wamependeza, wanaitana majina kwa sauti. Nilisimama karibu na mahali mabasi yanapopakia, nikajipanga maneno. Nimekosa, kaka. Tisa ni wako. Nisamehe. Yalikuwa maneno machache, safari hii hayangepotea.

Ibada ya Waafrika ilipotoka, geti lilijaa. Nilitazama uso huu, nikatazama ule. Ilinichukua muda kukubali kilichokuwa kinanitokea. Kila mwanamume mrefu mweusi aliyepita angeweza kuwa Kiprono.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kikenya kivulini, ana beji ya uuguzi ikining'inia kwenye mkoba. Wenzake walikuwa wanamwita Milcah. Nikamsogelea, nikamsalimu, nikamwambia namtafuta mtu aitwaye Kiprono.

"Kiprono mgani? Hapa kuna akina Kiprono wengi kuliko viti."

"Wa Kericho. Askari, mlinzi."

"Wote ni wa Kericho, na nusu yao ni askari. Jina ya baba?"

Sikulijua.

"Sawa. Anafanana aje?"

Nikafungua mdomo. Mimi niliyejaza daftari kwa shingo na macho na mikono. "Ni mrefu," nikasema.

"Mrefu kama huyu ama kama yule?"

"Huwa anavaa kofia."

"Kofia gani?"

"Ya kazi."

Milcah alinitazama kwa huruma, nikaona aibu. "Amekukosea ama umemkosea?" akauliza.

"Nimemkosea mimi."

"Basi mwite tu jina. Kama yuko, atageuka."

Mabasi yalikuwa yameanza kujaa. Nikatoka kivulini nikasimama juani, ukingoni mwa barabara, ambapo mtu yeyote angeniona. Nikaita kwa nguvu zangu zote, "Kiprono!"

Wakageuka watatu. Wawili walinitazama, wakaona hawanijui, wakaendelea na safari yao. Wa tatu alikuwa na mguu mmoja juu ya ngazi ya basi. Shati jeupe, kichwa wazi, kipara kimeanza mbele, uso mpana kuliko nilivyotarajia. Alibaki vile vile amegeuka, ananitazama. Hakutabasamu wala hakukunja uso. Nilijua kinachotakiwa ni nini, nimkimbilie, nimkumbatie, niseme yale maneno yangu. Lakini mtu hamkumbatii mtu asiyemjua. Na kama siye? Watu walikuwa wanatutazama. Nikasogea hatua mbili.

"Samahani, kaka," nikasema. "Wewe ndiye Kiprono wa Al Wukair?"

Niliona swali likimfika. Alingoja kidogo, kama anayetaka kunipa nafasi nilirudishe. Nami nilikuwa bado nakitafuta kitu usoni mwake, chochote kile ambacho ningeweza kukiapia.

"Hapana," akasema. "Umenifananisha."

Akapanda basi. Mlango ulikuwa umeshafungwa nilipotambua kwamba sauti ilikuwa yake.